Kibuyu cha Kogo Juu ya Ziwa

Harufu ya mafuta ya ndege ikichanganyika na ya mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa, hunirudisha juu ya ziwa hadi leo. Nilikuwa darasa la nne, likizo ya Agosti, majira ambayo Boito, kijiji chetu, huamka ndani ya ukungu na mvua ya mawe huja alasiri kuchanachana majani ya chai bila huruma. Baba alikuwa rubani wa mkulima mmoja tajiri mwenye kindege cha viti vinne. Uwanja wenyewe ulikuwa ukanda wa nyasi katikati ya michai, na kabla ya kuruka ilibidi ng'ombe wa majirani wafukuzwe kwanza, kazi iliyofanywa kwa kelele nyingi na watu wasio na haraka yoyote. Asubuhi moja tajiri alikuwa Mwanza, Tanzania, akisubiri kuchukuliwa, naye alikubali niende na baba nikamwone dada yangu Chelangat, aliyeolewa huko na kujifungua juzi yake.

Kogo, nyanya yangu mzaa baba, alikuwa amesikia kwa simu kwamba Chelangat hali chochote, analia tu. Akaja uwanjani na kibuyu cha mursik, kifuniko kimezungushiwa kamba ya katani ikakazwa mpaka ikalia. Baba alikitazama, akaguna.

"Mama, ukifunga hivi itapasuka huko juu. Wacha nilegeze kidogo."

"Ulegeze imwagike? Mimi nilikuwa nafunga kibuyu kabla wewe uzaliwe, Kiprono. Peleka vile iko."

Baba, ambaye angeweza kumfokea tajiri mwenyewe kwa kuchelewa, aliiacha kamba ilivyo. Kwetu mtu hambishii mamake mbele ya watu, tena kuhusu maziwa. Nikapakatishwa kibuyu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wahenga walisema. Sisi tulisikia la mkuu, na nusura tuvunjike yote mawili.

Kisumu tulitua, pasipoti zetu zikagongwa muhuri, tukaruka tena kuelekea kusini juu ya ziwa. Nilibandika paji la uso dirishani nikitafuta mpaka. Katika atlasi ya shule ulikuwa mstari mwekundu mnene; huku chini kulikuwa na maji tu, yanang'aa, hayana mwisho.

"Baba, mpaka uko wapi?"

"Uko kwa redio," alisema. "Huyu mwongoza ndege wa Kenya atatuaga, halafu wa Tanzania atatujibu. Hapo katikati ndio mpaka."

Wa Kenya akatuaga. Baba akabadilisha masafa, akaita. Redio ikakoroma tu.

"Wamekujibu?"

"Bado."

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nyumbani kila mtu alijua mimi ni wa nani; hapo juu hatukuwa wa mtu. Baba alikuwa akiinama kuita tena kibuyu kilipolipuka mapajani mwangu. Joto, mtikisiko na kule kupanda juu vilikuwa vimeyachachua maziwa, na kamba ya Kogo haikuyaachia pa kupumulia. Kifuniko kiligonga dari, na maziwa ya kijivu yakaruka usoni mwa baba, kwenye kioo, na juu ya redio. Redio ikatoa mlio mfupi, ikazima.

Maji yakimwagika hayazoleki, na mursik hata kupanguswa haikubali vizuri. Baba alipangusa kwa leso, kwa shati, kwa kiganja. Kimya. Ndipo nilipomwona akipangusa mahali palipokwisha kauka, nikajua kwamba hata yeye anaogopa. Alizungusha namba kwenye chombo kingine, namba ya kuwaambia walio chini kwamba redio imekufa, iwapo wanaiona kwenye rada yao. Hakujua kama wanaiona.

"Chebet, sikiliza," alisema mwishowe. "Tukifika, wewe angalia mnara wa uwanja. Taa ya kijani, tunashuka. Nyekundu, tunazunguka. Usipepese macho."

Niliishika kazi hiyo kwa moyo wote. Mawe makubwa ya Mwanza yalipotokea majini, nikaukodolea mnara mpaka machozi yakanitoka. Ikaja nyekundu. Tukazunguka, na baba akaitazama mishale ya kipimo cha mafuta mara mbili. Nyekundu tena. Nilikuwa nikisali kwa Kikipsigis, bila mpangilio wowote. Kisha ikawaka kijani, imetulia.

"Baba, wamekujibu!"

Nyumbani kwake, Chelangat alikuta mabaki kidogo kwenye kitako cha kibuyu. Alikunywa yote, akalia, kisha akaomba ugali.

Siku hizi mimi ndiye ninayevuka mipaka, kikazi, katika ndege kubwa ambazo mlangoni hunyang'anya watu hata chupa ya maji. Sina hofu tena, nasinzia tu. Kogo alishatutoka. Baba macho yamemkatalia kuruka. Anakaa Boito na michai yake, simu shingoni kwa kamba. Kila nikitua ugenini hunipigia, wala haulizi kama nimefika. Husema, "Wamekujibu?" Nami humjibu, "Wamejibu, baba." Majuzi nilipiga mimi, simu ikaita mpaka ikakatika, nikapiga tena, ikaita vilevile, nami nimesimama katikati ya uwanja wa ndege wa watu nikiukodolea macho ukuta. Alikuwa ameenda tu kufukuza ng'ombe. Lakini hofu ile ya ziwani ilinirudia, kwa maana najua iko siku nitaita, na ng'ambo ya kimya hicho hapatakuwa na wa kunijibu.