Chenga za Njano Kwenye Mafuta ya Giaboksi

Gari la baba lilianza kusitasita tulipokuwa tukitoka Nalufenya. Ukikanyaga mafuta, injini inalia na gari halisogei. Kisha gia inaingia kwa kishindo, shingo zetu zinacheza. Baba, askari magereza mstaafu, alijifanya hajasikia. Kaka yake alikuwa hoi hospitalini Mbale, na tangu simu ilipoingia asubuhi ile hakuweza kutulia kitini.

"Tupite kwanza gereji kwangu, Bugembe," nikamwambia. Mimi ni fundi magari.

"Fanya haraka, mama."

Nililiinua gari, nikafungua sampu, lile bakuli la chini ya giaboksi. Giaboksi yenyewe ni ya otomatiki, haipendi kuchokonolewa ovyo. Mafuta yalitoka meusi, yakinuka kama mkate ulioungua. Kwenye sumaku ya ndani palikuwa na tope laini la kijivu. Hilo halikunitisha, vyuma vinavyosuguana miaka yote lazima viache unga. Lakini nilipolifikicha, kitu kilinichoma kidole. Kipande cha chuma. Nikamwaga mafuta kidogo kwenye kitambaa cheupe, nikakipeleka juani. Kulikuwa na weusi wa klachi zilizolika, na chenga za njano ambazo sumaku haikuzishika: bushi, zile pete za shaba za ndani, zilikuwa zimeanza kusagika.

Baba alikuwa akizunguka gari, mikono nyuma.

"Inajila yenyewe ndani kwa ndani," nikasema.

"Itafika Mbale?"

"Siwezi kukuahidi. Twende kwa teksi, Baba."

"Na tukiambiwa tumrudishe nyumbani? Nitamlaza wapi kwenye teksi?"

Nikabadilisha filta, nikajaza mafuta mapya, huku nikijua kwamba mafuta mapya hayaoteshi chuma kilicholika.

Tulipita Iganga. Masikio yangu yote yalikuwa chini ya sakafu ya gari, ambako mvumo mwembamba ulizidi kupanda. Kwenye barabara ya Tirinyi, katikati ya mashamba ya mpunga, gari likakataa. Injini ilinguruma, magurudumu yakasimama.

Nilingoja anigombeze. Badala yake alifungua mlango, akachukua koti lake, akaanza kutembea kuelekea Mbale, mgongo umenyooka kama yuko gwarideni. Nikafunga gari, nikamkimbilia. Lori la mchele likasimama mbele yetu.

"Afande, unaenda wapi kwa miguu?" dereva akauliza. Hakuwa akimjua, ule mwendo tu ulitosha.

"Kwa kaka yangu," baba akajibu, na dereva akatufungulia mlango.

Tulipofika hospitalini, baba mkubwa alikuwa ameegemezwa kwenye mito, akipumua kwa shida. Alimtazama baba, kisha vumbi la viatu vyake.

"Umekuja kwa miguu?"

"Kidogo."

Akacheka mpaka nesi akaja kumtuliza. Mimi nilishindwa kukaa. Nilitoka, nikarudi, nikatoka tena, nikitafuta kwa simu mtu wa kulivuta gari, nikiogopa kusikia anavyopumua yule mzee.

Baba alibaki Mbale. Alimnyoa kaka yake, akamlisha, akabishana naye juu ya mambo ya zamani ya kambi ya magereza, hadi siku alipomfumba macho. Mimi nilikuwa Bugembe, giaboksi imefunguliwa mezani. Alinipigia simu kunipa habari. Nikashika spana, nikaiweka chini, nikaishika tena.