Mstari wa Shingoni

Miaka ya tisini ilipoanza, Kitengela ilikuwa vumbi na maduka machache kando ya barabara ya Namanga. Mume wangu alikuwa fundi wa saa, na alikuwa na ugonjwa wa kuweka sarafu zenye kasoro. Nilimcheka sana. Nyumba haina mafuta ya taa, na yeye ameinamia shilingi na kioo chake cha kazi.

Moja ilikuwa na mstari mwembamba uliokata shingo ya Rais, kutoka sikioni hadi kwenye kola. Sikuipenda tangu siku ya kwanza. Enzi hizo, hata picha yake ukutani ikipinda, watu waliinyoosha kabla mgeni hajaingia.

"Pitisha ukucha, mama watoto," aliniambia. "Umepanda ama umetumbukia?"

Ukucha ulipanda. Akanieleza kwamba muhuri wa kiwandani unaopiga sarafu ukipata ufa, chuma hujaa ndani yake, na sarafu hutoka na mstari ulioinuka. Anayekwaruza kwa msumari huchimba mtaro.

"Hakuna mtu anaweza kuongezea shilingi chuma," akasema. "Hii ilizaliwa hivi."

Kinyozi jirani yetu aliiona mezani siku aliyokuja kuzozana juu ya saa yake. Wiki hiyo hiyo wanaume wawili walikuja, wamevaa makoti kwenye jua kali, wakamwambia mume wangu afike kwa polisi Kajiado Jumatatu na ile shilingi aliyomkatia Rais shingo. Hawakutaka hata kuigusa.

Yeye alitulia. Alisema mkubwa wa huko angepitisha ukucha na mambo yaishe. Mimi sikuamini. Tulimjua mwalimu mmoja aliyeitwa na polisi hivyo hivyo, kwa mazungumzo tu, na mke wake alikuwa bado anampelekea nguo safi kila mwezi.

Jumapili alipoenda kanisani nilisema kichwa kinaniuma, nikabaki. Nikachukua tupa yake ndogo kabisa, nikausugua ule mstari polepole mpaka ukaisha. Nikaisafisha sarafu kwa majivu. Nilijiona mwerevu kweli: hakuna mstari, hakuna kesi. Nikairudisha kwenye kitambaa alichoifungia. Sikumwambia, maana angenigombeza kwa kumharibia sarafu.

Kajiado tuliketishwa kwenye benchi tangu asubuhi hadi saa nane. Tulipoitwa ndani, mume wangu alieleza vizuri habari ya muhuri na ufa, kisha akamsogezea mkubwa kile kitambaa bila kukifungua.

"Pitisha ukucha, afande. Utasikia unapanda."

Mkubwa akapitisha. Akaipeleka sarafu dirishani. Shingo yote ilikuwa imekwanguliwa, imejaa mikwaruzo midogo, na nusu ya kidevu ilikuwa imekwenda nayo.

"Hii imepigwa tupa," akasema. "Hapa fundi ni nani?"

Mume wangu aliitazama sarafu, halafu akatazama kidole gumba changu, ambacho tupa ilikuwa imekichubua. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nafasi hiyo ilikuwa ndefu, ningeweza kusema mara kumi.

"Ni mimi, afande," akasema.

Wakamwamuru avue mshipi na viatu. Askari akanikabidhi viatu nirudi navyo nyumbani, nikavipokea, na bado sikusema.