Mbuzi wa Jirani na Mjane

Juzi hapa Kismayo mwalimu wetu wa hesabu alichelewa, na darasa lisilo na mwalimu, rafiki yangu, unalijua. Jamaa mmoja aliyerudi na wazazi wake kutoka Ulaya akatoa simu, akatangaza kwamba ana orodha ya nyimbo bora za roki tangu dunia iumbwe. Akawa anatuchezea mmoja mmoja, kwa madaha, kama mchuuzi anayefunua kapu la kamba wabichi. Ulipoanza wa nne nikajikuta juu ya dawati.

"Huyo! Mbuzi wa Jirani!"

Darasa zima likaangua kicheko. Jamaa akaniambia wimbo una jina lake, na waimbaji wake ni matajiri huko kwao. Matajiri na wawe! Mimi nilimjua mbuzi huyo nikiwa na miaka tisa, kisiwani Chovai, kabla hata sijajua kama roki ni muziki au ni maradhi.

Binamu yetu mkubwa ndiye aliyetuletea. Alikuja kututembelea akitokea ng'ambo, akala samaki wa kupaka mpaka suruali ikakataa kufunga, na alipoondoka akamwachia bibi simu yenye memori ndani. Humo mlikuwa na nyimbo saba. Majina hazikuwa nayo, zilikuwa na nambari tu, basi tukazibatiza wenyewe. Kulikuwa na Jenereta, kwa sababu ulianza kwa kukohoa ndipo ukawaka. Kulikuwa na Maalimu Kakasirika, ambao hatukuthubutu kuucheza karibu na chuo cha Kurani. Kulikuwa na Mbuzi wa Jirani, wangu huo, ambapo mwimbaji alipiga ukelele kama mbuzi aliyeona kisu asubuhi ya Idi. Na kulikuwa na Mjane, wa dada yangu. Gitaa lake lilikwenda taratibu, kama mwanamke anayelia huku akiendelea kupepeta mchele.

Mimi na dada, aliyenizidi miaka minne, tulibishana kuhusu hizo mbili tukichota maji, tukiparura samaki, tukifagia ua.

"Masikio yako yameziba mchanga," ananiambia.

"Na wewe unataka kuolewa na gitaa!"

Kisha bibi akatoa hukumu. Shangazi alikuwa ameolewa Mombasa, na Ijumaa angefika msafiri na video ya harusi. Memori ilikuwa imejaa. "Harusi ya binti yangu nisiione kwa ajili ya mbuzi?" akasema. "Futeni. Nawaachia mmoja tu. Chungu kimoja hakipiki pilau na mafuta ya papa."

Mmoja tu! Sijawahi kuona wiki fupi kama ile.

Dada ndiye aliyebuni mtihani. Nyuma ya nyumba yetu fundi jirani alikuwa anamalizia mashua, na siku hizo walikuwa wanakalafati. Watu wanne wamechuchumaa mstari mmoja, wanashindilia pamba kwenye nyufa za mbao kwa patasi na nyundo. Kazi hiyo hufanywa kwa mapigo ya pamoja, ili fundi asikie: mlio ukiwa mkavu, ufa umeshiba, ukiwa na uvungu, bado. "Wimbo ambao nyundo zitaufuata bila kuambiwa," dada akasema, "ndio bora kuliko zote." Nikakubali kwa mbwembwe. Tukaificha simu ndani ya kapu la pamba.

Nikaanza na Mbuzi. Mayowe! Nyundo zikatawanyika kama kuku, mmoja akajigonga kidole, na fundi akainuka na patasi mkononi, akifoka kwa lafudhi ya kisiwani.

"Waryaa! Mchu gani anachinja saa hizi?"

Dada akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akacheza Mjane. Mwanzo hapakutokea kitu. Kisha nyundo ya fundi ikalegea, ikasubiri kidogo, ikaangukia palepale gitaa lilipoangukia. Ya pili ikafuata. Kufumba na kufumbua zote nne zinasema to-ko, to-ko, na ufa ukajazwa kutoka omo ya mbele hadi tezi ya nyuma, na hakuna aliyeinua kichwa. Fundi akagonga ubao, akatega sikio, akasema, "Hapa hayapiti hata machozi."

Nilishindwa kweupe. Lakini aliyejua kufuta kwenye ile simu ni mimi. Usiku wa kuamkia Ijumaa bibi alinikabidhi, dada akaniambia, "Bakisha Mjane," nami nikasema, "Haya." Nikafuta sita. Nikabakisha Mbuzi.

Asubuhi fundi akaita kutoka uani, "Enyi watoto, leteni yule mama anayelia, tuna ufa mgumu leo!" Nikabonyeza huku nikijifanya sijui lolote. Mbuzi akalia. Dada aliniangalia. Nilingoja kofi, na afadhali lingekuja. Aliketi kwenye rundo la maranda akaanza kuuvumisha Mjane puani, kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kuruka hata kona moja, na nyundo zikamfuata. Mimi nilipewa kazi ya kuchovya pamba kwenye mafuta ya papa. Nilinuka wiki nzima. Hata harusi ya shangazi niliitazama nikiwa mlangoni.

Bibi hayupo tena. Simu ilizama baharini, na video ya harusi ya shangazi ndani yake. Fundi alihamia kwa watoto wake Kenya, na nyuma ya nyumba yetu, nasikia, hata maranda hayakubaki. Mbuzi wangu, kumbe, yuko kila mahali, tena wa nne duniani, na jamaa alinirushia papo hapo kwenye simu yangu! Mjane ndiye sijampata. Nimetafuta kwenye mtandao, lakini utamtafutaje mtu usiyejua jina lake wala maneno yake?

Ndiyo maana siku ile darasani niliinuka tena nikasema orodha yenu imeukosa wimbo ulio nambari moja. "Unaitwaje?" wakauliza.

Nilipotoka nikamtumia dada ujumbe huko Mombasa: nivumishie Mjane, tafadhali. Akajibu: "Futa kwanza Mbuzi."

Nikafuta. Nikampelekea picha awe na ushahidi.

Baada ya saa nzima sauti yake ikaingia. Kafika mbali, kisha kwenye ile kona ya katikati akasita, akarudia, akasita tena. "Hapa pamenitoka," akasema. Halafu nikasikia mwiko ukigonga ukingo wa sufuria, to-ko, to-ko, na kona ikarudi.