Injini Mbili za Papa

Sanduku lilipofika kutoka Ubelgiji nililifungua juu ya meza yangu ya kazi, katikati ya taya za plasta za wateja watatu waliokuwa wakisubiri meno yao. Ndani mlikuwa na injini ndogo ya treni ya mvuke, urefu wake kama kutoka kiwiko changu hadi kwenye vidole, nyeusi, nzuri, na isiyofaa. Niliigeuza huku na huku nikasikia machozi ya hasira yakinipanda. Mbele yake zilijitokeza zile sahani mbili za chuma ambazo treni za Ulaya hugusanishia mabehewa. Treni zetu za Katanga hazikuwa nazo, zilikuwa na mdomo mmoja tu mnene katikati wa kushikia behewa. Tena magurudumu yalikuwa yameachana mno, maana reli za kwao ni pana kuliko zetu.

Nilimpigia simu mdogo wangu wa kike aliyeituma.

"Nilikuambia reli nyembamba."

"Yaya," akajibu, kama tunavyomwita dada mkubwa, "za reli nyembamba ziko na magurudumu makubwa sita tu. We ulisema manane. Chagua kimoja."

Hakukosea. Miezi mitatu tulikuwa tumetazama picha kwenye simu, yeye huko na mimi huku Katuba, Lubumbashi, na kila injini iliyopatikana ilikuwa na kasoro yake. Moja ilikuwa na boila fupi, lile pipa la kuchemshia maji. Nyingine ilikuwa ya milimani, na mgongo wake mfupi kama wa mbuzi. Hakuna kiwanda kilichowahi kufikiria kwamba mtu wa Lubumbashi angetaka injini ya kwao. Ningetaka ya Mzungu, ningechagua hata rangi ya vifungo vya koti la dereva.

Nilikuwa naifanya kwa ajili ya papa, baba yetu. Presha ya macho ilikuwa imemla nuru polepole, na mwaka aliohamia kwangu alikuwa hatofautishi tena mlango na dirisha. Hakulalamika. Lakini asubuhi moja, akinywa chai, aliniambia kwamba hata kichwani mambo yameanza kufutika, kwamba anajaribu kuiona mashini, ile injini ya treni aliyofanyia kazi ujanani, na haiji yote, inakuja vipande vipande. Mimi hutengeneza meno ya bandia. Vidole vyangu vimezoea vitu vidogo, na nina waya, nta, shaba, utomvu wa kumimina na mashine ya kutobolea. Nikasema moyoni: nitamtengenezea aishike.

Mashini yenyewe tuliijua sote nyumbani, kwa sababu ya habari yake. Papa alikuwa mchochezi, yule anayetupa makaa kwenye moto wakati dereva anaendesha. Siku moja, wakitoka Sakania, kule mpakani, dereva alizidiwa na homa akaanguka. Papa akachochea na kuendesha peke yake hadi mjini, treni nzima ya abiria nyuma yake, akaisimamisha stesheni taratibu hata waliolala hawakuamka. Habari hiyo tulilelewa nayo kama ndugu mwingine. Na kulikuwa na picha moja, ya rangi nyeusi na nyeupe: papa kijana, kofia imeinamia jicho, mkono kiunoni, kando ya injini kubwa ya magurudumu manane.

Picha ilionyesha ubavu wa kulia tu. Nani angeniambia ubavu wa kushoto ulikuwaje? Papa, nilipomuuliza, alijibu kwa mkato. Pampu ya hewa ilikaa upande gani? "Upande ule." Ngazi zilikuwa ngapi? "Za kutosha." Nilidhani ni usahaulifu wa uzee na nikamwonea huruma. Nikatafuta wazee wengine wawili wa reli. Mmoja aliapa kwamba ubao wa namba ulikuwa mwekundu, wa pili aliapa kwamba ulikuwa mweusi, na walinikasirikia mimi badala ya kukasirikiana.

Basi nikaendelea na nilichokuwa nacho. Nilikata zile sahani mbili kwa msumeno mdogo wa kukatia meno ya bandia. Nilifupisha vyuma vya kati ya magurudumu ili yakae kwenye reli nyembamba, na gurudumu la tatu lilipinda, likawa linayumba kama mlevi. Umeme ulikatika mara mbili nikiwa katikati ya kulinyoosha. Bomba la moshi lilikuwa refu mno, nikalipeleka kwa fundi wa shaba, Mwislamu ambaye babu zake walitoka Maniema na ambaye karakana yake iko mwendo mfupi kutoka kwangu. Alinikerezea jipya, fupi, lenye mdomo mpana kama la kwenye picha. La kwanza nililikataa, la pili nililidondosha likapotea. Aliponipa la tatu aliniuliza:

"Mama, ju ya nini haumuleteye muzee aishike kwanza, mbele ya kupaka rangi?"

"Nataka aishike ikiwa imekwisha."

"Muntu hawezi kukosoa nguo ikiwa imeshashonwa," akasema, kisha akarudi kwenye kazi yake.

Nilimwona mjuaji. Nikapaka rangi. Nikatengeneza meza yenye stesheni ya matofali na daraja, na kwenye injini nikaweka vishikio vya mkono vya waya wa meno, vyembamba kama unywele, kumi na vinne, vyote vimekaa sawa. Nyumba ilinuka gundi. Kazi za wateja zilichelewa na daktari mmoja wa meno akaacha kuniletea vipimo. Miezi tisa ilipita hivyo.

Siku nilipomaliza ilikuwa Jumapili, baada ya misa. Nilimketisha papa kwenye kiti mbele ya meza, nikachukua mikono yake nikaiweka juu ya boila.

Alianza mbele. Akapapasa bomba la moshi, akatikisa kichwa kidogo. Akateremka ubavuni kwa kiganja kizima, kiganja kikasimama. Akarudi nyuma, akapapasa tena palepale.

"Maji iko wapi?"

"Maji gani, papa?"

"Tangi ya maji. Inakaa hapa, ku mbavu, huku na huku."

"Mashini hii haina tangi ubavuni. Maji yako nyuma, pamoja na makaa."

Mkono wake ukaenda nyuma, ukavuka kibanda cha dereva, ukagusa lile behewa dogo la makaa na maji ambalo kila injini kubwa hulikokota. Ukaligusa kama mtu anayegusa kitu kisichomhusu.

"Na hii ni nini?" akauliza.

Mara nikaelewa, na nikatamani nisingeelewa. Kwa muda wa mwaka nilikuwa nimesoma kila nilichopata juu ya injini hizi. Zenye maji ubavuni ni zile ndogo za kwenye yadi, zinazosukuma mabehewa mbele na nyuma kuyapanga. Haziendi Sakania. Haziendi popote.

"Papa, mashini yako ilikuwa ya yadi?"

"Nilisema vile?"

"Mikono yako imesema."

"Unaniuliza kama polisi."

"Inayouliza ni miezi tisa yangu! Nimekata, nimepinda, nimeungua vidole. Ile habari ya Sakania ni ya nani?"

Sikuwahi kumpandishia papa sauti maishani mwangu. Mikono yake ilikuwa imeteremka kwenye daraja nililolijenga bure. Nilitoka nje nikaanua nguo ambazo hazijakauka, nikazianika tena. Niliporudi alikuwa hajasogea.

"Ilikuwa ya rafiki yangu," akasema. "Tuliingia kazi siku moja. Yeye balimupeleka ku mashini kubwa, mi balinibakisha mu yadi. Ni yeye njo alileta ile treni. Mwaka uliofuata alikufa, kifua. Hakuacha mutoto."

"Na picha?"

"Mupiga picha alikuja, kila muntu akasimama ku mashini kubwa. Nani angesimama ku ile kadogo?"

"Ju ya nini ulisema ni wewe?"

Akaondoa mikono darajani, akaiweka magotini.

"Mwanzo nilikuwa nasema 'rafiki yangu'. Bantu balikuwa habasikilize. Banakata maneno, banaomba bia ingine. Siku moja nikasema 'mimi'. Bakanyamaza bote. Mama yako alikuwa pale. Kisha sikuweza kurudi nyuma."

Ningependa kuandika kwamba nilimkumbatia. Sikumkumbatia. Niliifunika meza kwa shuka na kwa majuma mawili hatukuitaja. Nilimpa chakula, nilimpeleka kuoga, nikamsomea magazeti, na ndani nilikuwa nachemka. Nilikuwa nimekasirishwa na uongo, lakini zaidi na ujinga wangu: kila jibu lake la mkato lilikuwa limenieleza ukweli na mimi nikaliita uzee.

Kisha nikaanza upya, kwa sababu bado alikuwa hana mashini yake. Safari hii mdogo wangu alipata injini ndogo ya kuchezea ya watoto wa Ulaya, yenye magurudumu sita na tangi moja tu juu ya boila kama tandiko. Nikaling'oa tangi. Nikamleta papa mezani tangu siku ya kwanza, ikiwa bado plastiki tupu, na hapo ndipo nilipojua taabu ni nini. Yule mzee aliyejibu "za kutosha" sasa alikumbuka kila msumari.

"Tangi iko juu mno. Mulango wa kumwagia maji ulikuwa huku, si kule. Kishikio hiki kilikuwa kimepinda, tulikipinda kwa kugonga behewa. Sanduku ya muchanga iko wapi?"

"Mchanga wa nini?"

"Wa kumwaga mbele ya magurudumu, mvua ikinyesha, ili isiteleze. Hujui hata muchanga?"

Matangi mawili ya ubavuni niliyamimina kwa utomvu ule ninaotumia kwa fizi, nikasahau kuchanganya rangi nyeusi, yakatoka ya waridi. Papa hakuyaona na sikumwambia. Ngazi ya mbele, ule ubao ambao wafanyakazi wa yadi walisimama juu yake huku injini inatembea, niliitengeneza mara nne. Ya kwanza ilikuwa nyembamba. Ya pili fupi. Ya tatu alisema ni ngazi ya kupandia kitanda. Nilipomletea ya nne aliweka vidole viwili juu yake, kidole cha shahada na cha kati, kama miguu ya mtu, akavisimamisha pale, akavitembeza kidogo.

"Hapa njo nilikuwa nasimama," akasema. "Mvua, jua, hapa. Mwisho walinipandisha ndani kuchochea, lakini miaka sita nilikuwa hapa." Akaondoa vidole. "Iko chini kidogo. Lakini iache."

Sikujua kama aliiacha kwa sababu ilikuwa sawa au kwa sababu alinisikia nikishusha pumzi ya kuchoka.

Fundi wa shaba alipokuja kuleta bomba la moshi la injini hii ya pili alimkuta papa anaipapasa. Aliangalia injini kubwa iliyokaa rafuni, akaangalia hii ndogo yenye mbavu za waridi, akaniuliza kwa macho. Nilimwambia asiniulize. Akacheka mpaka akakohoa, nami nikajikuta nacheka naye, kwa shida.

Kuhusu ndugu zangu, papa alitaka kusema mwenyewe. Nilimshikia simu, mdogo wangu akatokea na jiko lake la Liège nyuma yake, na papa akasimulia yote: yadi, rafiki, picha, maneno ya "mimi". Alisimulia vizuri, bila kujitetea. Mdogo wangu alisikiliza, akamtakia usiku mwema ingawa kulikuwa bado mchana, huku na kwake, kisha akaomba nihamishe simu chumba kingine.

"Yaya, unamufanya nini papa?"

"Nini?"

"Unamuchanganya kichwa na ile midoli yako. Habari ya Sakania tumeisikia tangu tuko batoto. Sasa muzee hajui tena alikuwa nani."

"Anajua kuliko zamani."

"Wee mwache apumzike," akasema, na kaka yetu mkubwa aliniandikia jioni maneno yaleyale, nikajua wameshaongea. Hadi leo kwao mimi ndiye niliyemwibia papa treni yake. Nimeeleza mara tatu. Siku hizi sielezi.

Injini kubwa nilimpa yule fundi, ameiweka dirishani mwa karakana na watu huingia kuulizia bei, ingawa gurudumu la tatu bado linayumba. Daraja nililing'oa. Mahali pake nimelaza reli sita zinazokutana na kuachana, yadi ya kupangia mabehewa, na papa hunielekeza kwa kidole penye makosa, nami nabandua na kubandika. Juma lililopita alipapasa paa la kibanda kutoka mwanzo hadi mwisho, akapapasa tena.

"Filimbi hakuna."

Ilikuwapo. Nilikuwa nimeivunja asubuhi ile kwa mkono wa koti nikipitisha taya ya mteja, na nilikuwa nimeomba asigundue.

"Nitaiweka kesho," nikamwambia.

"Weka leo," akasema. "Na ya safari hii usiifanye nene."