Sheni Mpya, Meno Mazee

Nimekosa, wasomaji, na sikukosa kwa kutojua. Niliambiwa. Niliambiwa mara mbili, na fundi yule yule, mahali pale pale, na mara zote mbili nilimcheka. Jina langu sitaliandika. Mji wetu wa Baraka ni mdogo, na wanaonifahamu wamekwisha kunicheka vya kutosha.

Mimi ni mtu wa kupunguza bei. Nanunua ndagala wakavu, yaani dagaa, ufukoni mwa ziwa, nawapandisha milimani, nashuka na maharage. Kila kitu nahesabu, kisha nahesabu tena, maana mara ya kwanza mtu huhesabu kwa matumaini. Bamama wauza samaki wakiniona huanza kuumwa kichwa. Nilikuwa najivunia jambo hilo. Mpumbavu!

Kazi yote hiyo hufanywa na kinga yangu, baiskeli nyeusi ya chuma. Siku moja sheni yake, yaani mnyororo, ilianza kulegea na kugonga. Nikaipeleka kwa fundi mmoja pale sokoni, mtu mwembamba wa maneno machache. Alikuwa na ubao mrefu wenye misumari miwili. Kati ya misumari hiyo ndipo urefu wa sheni mpya. Akafungua yangu, akailaza juu ya ubao. Ilipita msumari kwa upana wa kidole kizima.

"Imekufa," akasema.

"Imekufaje? Hesabu viungo!"

Nikahesabu mwenyewe, mbele ya watu. Mia moja na kumi na viwili. Nikarudia. Mia moja na kumi na viwili. "Ni vile vile nilivyonunua," nikasema. "Hakuna hata kimoja kilichopotea. Sasa unataka kuniuzia nini, bwana? Hewa?"

Watu wakacheka. Fundi hakucheka.

"Biungo haipunguki, bwana. Ni matundu ya ndani njo inapanuka. Sheni inakuwa murefu, kisha inaanza kula meno ya pinyo." Pinyo ni lile gurudumu dogo lenye meno, la nyuma. "Badirisha sheni leo, pinyo itapona. Ukingoja, utabadirisha byote mbili."

Nikamwambia atoe viungo viwili ili sheni ikaze. Akatoa. Nikavitia mfukoni, nikaenda zangu nikiona nimepata faida: sheni imekaza, na nina viungo viwili vya akiba! Nyumbani nikaipaka mawese ya jikoni, ikang'aa, ikanyamaza. Mchanga wa ufukoni ukashika kwenye mawese, na kila nilipokanyaga pedali nilikuwa nasaga chuma kama mama anayesaga unga. Sikujua. Aa, hapana, nisiongope. Sikutaka kujua.

Mvua zilipofika, sheni ilikuwa inaanguka kila baada ya hatua chache. Nikarudi kwa fundi. Akainua tairi la nyuma, akanionyesha meno ya pinyo. Yalikuwa yamelika, yamepinda kama miiba.

"Sasa byote mbili," akasema. "Hizi iko bwana na bibi, bimezeeka pamoja. Ukileta sheni mupya, pinyo muzee itaikataa. Hapa chini haitasema kitu. Itasema kwenye mulima."

Nikamwuliza, "Pinyo ilikwambia hayo kwa Kibembe ao kwa Kifaransa?"

Oo, watu walicheka siku ile! Nikanunua sheni peke yake, tena baada ya kumchosha kwa bei mpaka akakubali ili niondoke. Nikazunguka soko mara tatu. Kinga ikaenda kimya kabisa. Nilipompita nikapiga kelele, "Fundi, mbona haisemi?"

"Leo unacheka," akasema bila kuinua kichwa. "Utasukuma."

Hazikupita wiki tatu, shemeji yangu akafika kwa miguu kutoka Fizi, kwao mke wangu, kule juu mlimani. Ni mdogo wa mke wangu, mtu wa hatua ndefu. Hakukaa hata kwenye kiti.

"Dada, baba hana nguvu tena. Anakuomba weye."

Baba mkwe alikuwa na binti mmoja tu, ndiye mke wangu. Akaanza kufunga mzigo pale pale. "Baba batoto, mi naenda na mudogo wangu. Kesho jua likitoka, kwa miguu."

Hapo ndipo kosa langu lilipo, wasomaji. Si kwenye pinyo. Nilisema, "Kwa miguu! Mke wa mtu mwenye kinga? Watu wa Fizi wataniona nani?" Nikamgeukia shemeji. "Weye tembea. Tutakuwekea ugali."

Tulitoka sote asubuhi. Kwenye tambarare tulimwacha shemeji nyuma, na mimi nikampungia mkono kama mkubwa wa serikali. Kisha barabara ikaanza kupanda.

Kaa! Sheni ikaruka juu ya meno, pedali ikaenda chini tupu, goti langu likagonga usukani. Mke wangu akateleza kutoka nyuma akasimama barabarani. Nikavuta tairi la nyuma ili sheni ikaze, tukapanda tena. Kaa! Nikalegeza. Kaa! Nikalisogeza mbele, nikalirudisha. Palikuwa na watu waliokuwa wakitengeneza barabara, wakaacha majembe yao watutazame.

"Ee bwana," mmoja akaniuliza, "kinga inakubeba ao weye njo unaibeba?"

Nilikuwa nimeinama, mikono myeusi kwa mawese, shemeji alipotufikia. Hakutaka hata kutabasamu, na hilo liliniuma kuliko kicheko.

"Shemeji, niende na dada?"

Mke wangu akasema, "Niache niende naye."

Nikasema, "Panda. Nimekwisha kuitengeneza."

Wale wa barabara walikuwa wanasikiliza. Ningemwachaje mke wangu atembee, mbele yao, huku mimi nina kinga? Akanitazama, akapanda. Mwanamke mwenye heshima zake, akanitii mimi, mtu asiyejua kununua gurudumu la meno! Shemeji akaenda zake.

Tulipanda kidogo. Akasema tena, taratibu, "Nishushe." Nikakanyaga kwa nguvu zaidi, kumwonyesha. Sheni ikaruka, kinga ikalala, sote wawili tukaingia mtaroni. Tairi lilipinda. Mguu wake ulivimba kwenye kifundo. Sasa hata kutembea hakuweza, ila kwa kuegemea kiti cha kinga huku mimi nikisukuma. Jua lilipozama hatukuwa hata nusu ya mlima. Wenyeji wa njiani wakatupa mahali pa kulala.

Tulifika Fizi kesho yake adhuhuri. Udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi.

Shemeji alikuwa amefika jana yake, mchana. Mzee alikuwa macho, anaongea. Aliuliza, "Binti yangu iko wapi?"

Shemeji akamjibu, "Anakuja, baba. Anakuja na kinga."

"Na kinga? Basi atafika sasa hivi," mzee akasema. Akaomba mlango usifungwe. Jioni akauliza tena. Usiku akauliza tena. Waliuacha mlango wazi mpaka alipokata roho.

Mke wangu hakunitukana. Nilitamani anitukane! Alisema jambo moja tu: "Ningetembea, ningemukuta." Hajalirudia tangu siku ile.

Niliporudi Baraka nikaenda kwa fundi, nikabadilisha sheni na pinyo pamoja. Akanitajia bei, nikalipa ile ile aliyotaja. Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. Nilitaka anicheke, naye hakucheka. Sasa kinga inapanda mlima bila neno, na mke wangu akienda Fizi kuangalia kaburi, anaenda kwa miguu.

Basi ninyi wajanja wenzangu, mnaosoma huku mkinidharau: dharauni, ni haki yenu, mimi nimewatangulia. Lakini kwanza nendeni mkapime sheni zenu. Ikirefuka kidogo, badilisha hiyo peke yake, mapema. Ukichelewa, badilisha na pinyo pia, siku hiyo hiyo, bila hadithi. Usimletee fundi mdomo wa sokoni.

Na kama umekwisha kukosea, uko mlimani, watu wanakutazama, na mke wako anakwambia "Nishushe," usitafute maneno.

Mshushe.