Chumvi Iliyokutana Karaini

Pang Xiulian alibaki kinywa wazi langoni, baiskeli ikamponyoka ikaanguka. Uani kwa Shangazi Qiao wanawake walizunguka karai moja, kila mmoja akimimina mtungi wake wa chumvi, kabichi za msimu zimerundikwa kando.

"Hiyo chumvi mmeitoa wapi?"

"Si uliyotuletea wewe, muuza tofu!" Shemeji Lian akamjibu. "Au umesahau mzigo wako?"

Wakacheka. Yeye hakucheka.

Tangu Machi alikuwa akizungukia nyumba arobaini za kijiji hicho cha mkoani Shanxi, China, kwa niaba ya watafiti wa presha. Kura ilizipa nyumba ishirini chumvi mpya yenye sodiamu kidogo, ya mifuko ya buluu. Ishirini nyingine chumvi ya kawaida, ya mifuko myekundu. Yeye aligawa, alipima presha, aliandika, na kila mwezi alikusanya mifuko mitupu kuwa ushahidi kwamba chumvi imeliwa. Kazi aliipata kwa kujinadi kwamba aliyeuza tofu miaka ishirini hadanganywi. Mkataba ulikuwa unaisha mwezi huo. Daftari ndilo lingemwombea mkataba mwingine.

"Mifuko mlinirudishia mitupu!"

"Ulitaka mifuko, ukapewa mifuko," alisema Shangazi Qiao. "Chumvi ya bure nani anaichezea kwenye supu, mwanangu? Supu tunatia mchuzi wa soya. Chumvi ni ya kabichi, na kabichi tunazitia chumvi pamoja, tangu mama mkwe wangu yu hai."

Buluu na nyekundu, karai moja. Xiulian akampigia simu msimamizi wake, Daktari Shen, akamweleza.

"Daktari, tuelewane. Nyumba za buluu ambazo hazikuila chumvi yao nazihamishia kwenye nyekundu. Au nazifuta."

"Usihamishe hata moja. Kila nyumba ibaki pale kura ilipoiweka. Wewe andika walichofanya kweli."

"Itaonekana chumvi haifai!"

"Itaonekana kinachotokea ukiwapa watu chumvi. Ndicho tulichouliza. Sasa niambie, kwenye namba ulizonitumia: Mzee Fan, Juni mia hamsini na nane, Julai mia hamsini na nane. Julai ulimpima?"

Julai mzee alikuwa mjini Taiyuan kwa binti yake. Yeye alinakili namba ya Juni ili ukurasa usibaki na pengo.

"Yule presha yake haibadiliki, Daktari."

"Xiulian."

"Sikumpima."

"Pengo lenye sababu naweza kulifanyia hesabu. Namba ya uongo siwezi."

"Na mkataba?"

"Nione daftari kwanza."

Akakata namba ya Julai, akaandika: *hakuwepo, alikuwa kwa binti*. Kisha akarudi kwenye karai, kalamu mkononi.

"Mmoja mmoja. Umemimina bakuli ngapi, na umebakiza ngapi nyumbani? Na atakayenitajia namba ya kunifurahisha, Shemeji Lian, nitakuja kupekua jikoni kwake."

"Makubwa!" Shemeji Lian akapangusa mikono, macho yamemtoka. "Basi andika: kwangu supuni haijaingia hata punje."