Kijiko Chini ya Mto

Leo asubuhi, nikitandika kitanda cha binti yangu, nimekuta kijiko chini ya mto. Nimeketi nikacheka peke yangu, maana kazi ya kijiko hicho naijua. Redio inatangaza theluji tangu juzi, watu wamemaliza mikate na maziwa madukani kama kawaida yao, na watoto wa huku, Maryland na Virginia yote, wana dawa yao ya kufunga shule: geuza pajama ndani nje, weka kijiko chini ya mto, tupa vipande vya barafu chooni, kisha ulale. Mimi nilifundishwa na mwenzangu wa darasa la tatu. Wewe uliyekulia juani usinicheke kwanza. Dawa hiyo kwangu ilifanya kazi kupita kiasi.

Tuliishi Gaithersburg, mimi na mama, ghorofa ya tatu, na dirisha la jikoni lilitazama barabara kuu ya 270. Mama alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Jumapili mchana tulikwenda ibada ya Kiswahili, na kila mwaka palikuwa na Siku ya Watoto. Mwaka uliotangulia nilisimama mbele ya watu, nikasema mistari miwili ya shairi, nikakwama. Wakanipigia makofi ya huruma. Afadhali wangenizomea. Kiswahili nilikisikia chote, lakini mdomoni kilikuwa kizito. Mama akiniuliza kwa Kiswahili, nilimjibu kwa Kiingereza.

Mwaka huo akanipa shairi refu zaidi, alilolikariri yeye akiwa shule ya msingi huko kwao Kitale. Aliliandika kwa mkono akalibandika kwenye friji. "Utaweza, mami," aliniambia. "Na mimi nitakuwa nimekaa pale mbele kabisa." Kufika Ijumaa, siku mbili kabla, sikuwa nimeshika hata nusu yake. Basi jioni nikageuza pajama, nikaenda kutafuta kijiko. Nilichukua kile kirefu cha mama cha kukorogea chai, alichokuja nacho kutoka nyumbani, kwa kuwa niliona jambo zito linataka kijiko cha maana.

Jumamosi alfajiri nilimsikia akikitafuta, akifungua droo na kuzifunga. Mwisho akakoroga chai yake kwa uma. Akanipeleka kwa jirani wa mlango wa pili, akaenda kazini, akisema jioni atarudi.

Jirani alikuwa mama wa Kitanzania, mtu wa Tanga, Mwislamu wa sala tano, na mdomo wake ulikuwa na dhihaka tamu sijapata kuonja tena. Nyumba yake ilinukia hiliki. Theluji ilianza saa tano, kidogo kidogo, na kufikia saa tisa magari yote ya chini yamekuwa vichuguu vyeupe. Mchungaji akatuma ujumbe: Siku ya Watoto imefutwa. Nilicheza ngoma sebuleni kwa watu nikiwa na andazi mkononi.

Jioni simu ikalia.

"Nimekwama huku, mami," mama alisema. "Wenye wangetu-relieve hawajafika, na barabara zimefungwa. Siwezi acha hawa wazee peke yao. Uko sawa?"

"I'm fine," nikajibu, nikalirudisha andazi sahanini.

Siku ya pili theluji bado ilikuwa inaanguka. Barabara ya 270, ambayo sikupata kuisikia ikinyamaza hata mara moja, ilikuwa kimya kabisa. Kilichosikika ni koleo la mtu mmoja likikwangua lami. Mama alipiga tena, sauti imekauka. Alikuwa amelala kwa saa mbili tu, kwenye kiti. Hapo nikajua nimemfunga mama yangu mwenyewe kwa pajama na kijiko, na sikujua dawa ya kufungua. Nilivaa pajama upande sahihi mchana kweupe. Theluji haikujali. Nikalia mpaka jirani akazima jiko akaja kuketi karibu nami, na nikamweleza yote, Kiingereza na Kiswahili vikichanganyika na kamasi.

Hakucheka, ingawa niliona mashavu yakimcheza. "Mwanangu, wewe wadhani Mungu anaendeshwa na pajama?" Kisha akasema, "Haya, majuto ni mjukuu. Na huyu ameshafika, tumtungie shairi. Mama yako si anakudai shairi?"

Maana mchungaji hakuwa mtu wa kushindwa na hali ya hewa. Alikuwa ametangaza kwamba watoto watasoma mashairi yao kwenye laini ya maombi, ile namba ya simu ambayo watu wetu kuanzia Columbia hadi Manassas waliipiga kila wiki kusali pamoja, kila mtu akiwa kwake. Mama angesikiliza kutoka kazini.

Saa kumi jirani akaweka simu mezani, akajifunga kanga vizuri utadhani wanamwona. Mchungaji alisihi, "Wapendwa, tafadhali jiwekeni mute," na bado tulisikia vitunguu vya mtu vikikaangwa, na baba mmoja akimuuliza mkewe huyu mchungaji atamaliza saa ngapi. Zamu yangu ikafika. Nikasema:

Theluji nilikuita, kwa kijiko na pajama,
Shairi lilinipita, nikaogopa kusoma,
Sasa hapa ninajuta, umemfungia mama,
Nakuomba, bila vita, yeyuka aje salama.

Hiyo "bila vita" ilikuwa ya jirani. Alisema kina kinadai chakula chake. Mengine yalikuwa yangu.

Hata vitunguu vilinyamaza. Nikadhani nimeharibu tena. Halafu ikatoka sauti ya mama, nzito kwa kilio na kicheko pamoja: "Kumbe kijiko changu uko nacho wewe!" Laini nzima ikapasuka kwa vicheko, na hayo hayakuwa makofi ya huruma.

Alirudi Jumanne, viatu vimelowa. Nilimpa kijiko mlangoni, na nikamwambia pole kwa Kiswahili. Hakunigombeza. Alikoroga chai, akaniambia nilirudie lile shairi.

Jirani alisharudi Tanga. Mama tulimzika Kitale, na kijiko kikabaki kwangu. Leo nimepiga namba ile ya maombi. Mashine imenijibu kwamba haitumiki. Enzi zile nilidhani hakuna baya kama mama kukwama. Sikujua kwamba aliyekwama ni mtu atakayerudi.

Nimemuuliza binti yangu ni kitu gani anakikwepa shuleni. Amenijibu kwa Kiingereza kwamba si shule. Anataka mimi nisiende kazini. Mimi ni muuguzi, na wagonjwa hawaahirishwi. Begi langu la kulala huko huko, endapo nitakwama, lilikuwa tayari mlangoni. Nikamghania mistari ile minne. Ameshika maneno mawili tu, "aje salama," akayarudia akinishika koti.

Kijiko nilikuwa nimekitazama vizuri. Ni kile kile kirefu; katika droo nzima amechagua hicho. Nikakirudisha chini ya mto wake, nikaenda jikoni, chai yangu nikaikoroga kwa uma.